Kiwanja Namba Kumi na Nne

Kabla hata kambi haijaonekana, Lavonne Stuckey alikuwa ameshaimba nyimbo zote anazozijua na nusu ya zile asizozijua. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, mikono miwili imeng'ang'ania usukani wa pikapu, na nyuma yake trela yao ya futi thelathini, nyumba nzima yenye kitanda, jiko na choo, ilikuwa inamfuata kwenye kona za milima ya kusini mwa Missouri bila kulalamika. Aliyekuwa analalamika ni mumewe, Verlin, aliyekaa pembeni na uso wa mtu anayepelekwa kung'olewa jino.

"Unakimbiza gari," Verlin alisema.

"Niko maili hamsini tu, mzee."

"Kwa kona hizi, hamsini ni kukimbiza."

"Wewe si ulikuwa unazipiga sitini na tano, mkono mmoja sandwichi?"

"Mimi nilikuwa naona ninakokwenda."

"Na mimi naona. Kwa hiyo tuko sawa."

Verlin aliguna. Lavonne akaanzisha wimbo mwingine kwa sauti kubwa zaidi, maana furaha ilikuwa imemjaa mpaka kooni, na chini ya furaha kulikuwa na woga, na huo woga hakutaka kuusikia ukiongea.

Verlin alikuwa hajaendesha tangu Machi. Daktari wa macho alimweleza kwamba katikati ya macho yake pameharibika na hapatengenezeki, ila pembeni pamebaki pazima. Akikutazama usoni anaona ukungu. Akitaka kukuona lazima ageuze uso, aangalie kando yako. Kabla ya kulijua hilo Lavonne aliumia sana moyoni. Kila akimsemesha mumewe, mumewe anaangalia friji. Siku daktari alipofafanua, Lavonne alikwenda kulia ndani ya gari, tena kwa raha, maana kumbe miezi yote ile mwenzake alikuwa anamtazama yeye.

Ndipo Verlin akaamua trela iuzwe. Trent, mtoto wa kaka yake, alikuwa ameimezea mate siku nyingi. "Sitazurura kambini naomba vijana waniegeshee nyumba yangu," Verlin alisema. Waligombana wiki mbili nzima. Mwishowe wakapatana hivi: wikiendi ya tarehe nne Julai, sikukuu ya uhuru, watakwenda kambi ya Cedar Bend kama kila mwaka. Lavonne akiiingiza trela kwenye kiwanja chao yeye mwenyewe, bila mkono wa mtu mwingine kugusa usukani, trela inabaki. Akishindwa, Jumapili Trent anaikokota kwake na hadithi imekwisha.

Na Lavonne alijua fika kinachouzwa ni nini. Nyumbani Verlin alikuwa anashinda mbele ya televisheni asiyoiona, akiizomea. Kambini alikuwa mtu mwingine kabisa: mtani, mwenye kelele, anayechoma mbavu za nguruwe bila shati na kubishana na kila mtu kuhusu samaki ambao hawajavuliwa. Huyo Verlin wa kambini ndiye ambaye Lavonne hakuwa tayari kumwachia Trent.

Kwa hiyo tangu Mei alijiunga na kwaya ya kanisa. Mazoezi yalikuwa Jumanne na Alhamisi. Kwaya yenyewe ilikuwa uwanja wa mnada wa ng'ombe, ambao siku hizo huwa mtupu, na waimbaji wake walikuwa ndoo za plastiki alizozipanga mistari miwili. Trela ilikuwa inalala kwenye ghala la jirani, mbali kidogo na kwao, kwa hiyo Verlin hakuwa na habari. Lavonne aliziua ndoo nyingi. Lakini alijifunza. Shika usukani kwa chini. Mkono ukienda kulia, mkia wa trela nao unakwenda kulia. Nenda polepole kuliko unavyotaka. Na ukiona umeanza kubahatisha, simama, shuka, kaangalie. Ndoo hazikucheki ukishuka.

Tatizo ni kwamba Cedar Bend watu wanacheka. Ijumaa ya sikukuu, trela zikianza kuingia, wazee wazoefu wa pale wanatoa viti vyao vya kukunja, wanavipanga kandokando ya njia, wanashika bilauri zao za chai ya barafu na kuwatazama wageni wakirudi rivasi. Kwao hiyo ni tamu kuliko mpira. Wana hata vibao vya mbao vyenye namba, sifuri mpaka kumi, wananyanyua kumpa dereva maksi. Mke na mume wakitukanana hadharani, inakatwa moja. Ukigonga nguzo ya umeme, ile fupi ya kuchomekea trela, sifuri papo hapo. Na ukishuka kwenda kuangalia nyuma, zinakatwa mbili kwa kila mara unayoshuka, kwa sababu dereva wa kweli hashuki. Sheria hizo zote zilitungwa na mtu mmoja, na vibao alivichonga mtu huyohuyo, jaji mkuu Verlin Stuckey. Nguzo ya kiwanja namba kumi na nne imeinama mpaka leo. Aliyeiinamisha ni Verlin, na siku hiyo alijipa nane.

Walipopinda kuingia getini, Lavonne aliona viti. Akaona viti vingine. Kisha akaona kwamba si wazee peke yao. Kambi nzima ilikuwa nje, watoto, kina mama wenye taulo za kuogelea shingoni, mpaka bibi mmoja aliyetolewa na kiti chake cha magurudumu na feni ya mkononi.

"Mbona kama wamekuja harusini?" alisema, na kwikwi ya kicheko ikamtoka.

Marcy Dunkel, mwenye kambi, akaja na kigari chake cha gofu mpaka kikaserereka kwenye kokoto. Kofia upande, redio ya mkononi inakoroma kiunoni, shati moja lenye jasho la mashati mawili.

"Lavonne! Mungu wangu, ni wewe unaendesha? Usinijibu, sina muda. Umeme umejikata safu yote ya mtoni. Nimewaambia, jamani, msiwashe viyoyozi viwili kwa mpigo, wananitikisia vichwa, halafu wanaingia ndani wanawasha na oveni! Joto hili, nani anaoka? Sasa ndani hakukaliki, ndiyo maana wote wako nje. Choo cha wanawake kimeziba, mtu kasukumia taulo mle. Taulo zima! Tangi la maji machafu limejaa mpaka mdomoni, nangoja gari la kunyonya tangu mchana. Na yule bwana wa namba kumi na tatu kafika saa nne asubuhi. Kuingia ni saa nane! Nikimwambia, ananijibu kwamba likizo yake imeshaanza. Yangu je? Yangu inaanza lini?"

"Pole, Marcy."

"Nakupenda, lakini usinipe pole, nitalia. Ingia haraka, nyuma yako kuna foleni." Akamchungulia Verlin. "Verlin, mpenzi, shuka. Doyle kakuwekea kiti chako cha jaji."

Verlin alishuka, akaongozwa na Doyle, rafiki yake wa miaka mingi, mzee mwembamba mwenye sauti ya baragumu. Wakamkalisha mstari wa mbele, vibao vyote wakamwekea mapajani kwa heshima. Hakuvigusa.

Kiwanja namba kumi na nne kiko kwenye kona ya mto, chini ya mialoni miwili, na dirisha la jikoni ukifungua unaona maji. Ndiyo sababu Lavonne anakipenda. Ni chembamba pia, njia yake ina kona, na nguzo ya umeme imesimama pale hasa mkia wa trela unapotaka kupita. Siku hiyo kulikuwa na nyongeza. Bwana wa namba kumi na tatu alikuwa ametandaza zulia la majani ya plastiki mpaka nusu ya kiwanja cha kina Stuckey, akaweka juu yake mbwa wawili, meza, na ndege mkubwa wa waridi wa kujaza upepo.

"Kaka," Marcy alimwambia, "toa vitu vyako, hicho ni kiwanja cha watu."

"Mstari uko wapi? Mimi sioni mstari, mama."

"Mstari ni huo mbwa wako anaoukojolea!"

Viti vyote vikacheka. Bwana akakunja zulia, akavuta mbwa, akamtoa ndege upepo kwa hasira, ndege akawa anapiga mluzi. Lakini pikapu yake ilikuwa imetoa pua njiani, na funguo zilikuwa kwa mkewe, na mkewe alikuwa anaelea mtoni juu ya tairi, hakuna anayejua wapi. Ikabaki palepale.

Lavonne alipita mbele ya kiwanja, akanyoosha, akaweka rivasi. Moyo ulikuwa unampiga kama ngoma ya harusi, na si kwa hofu tu. Alikuwa na hamu. Alikuwa anaijua kazi hii! Akashika usukani kwa chini, akaanza kurudi, na hapohapo wanaume sita wakasimama kutoka vitini.

"Njoo, njoo, njoo!"

"Kata kulia! Kulia, bibie!"

"Usimsikilize, nyoosha! Nyoosha kwanza!"

"Kata yote! Yote! Weeeka!"

Mmoja alikuwa anazungusha mkono kama anasonga ugali. Mwingine kanyanyua dole gumba, na aliyesimama ubavuni mwake alikuwa anaonyesha kiganja cha kusimamisha. Bwana wa kumi na tatu naye, mwenye zulia lake begani, alikuwa anaita njoo, njoo, akiwa amesimama mahali ambapo haonekani kwenye kioo chochote. Lavonne aliona mikono mingi kuliko alivyowahi kuona ndoo. Akili ikamwambia simama, shuka. Lakini akaviona vibao, akakumbuka pointi mbili, akakumbuka miaka yote aliyokaa kwenye kiti chake akiwacheka walioshuka, na aibu ikamshika mguu. Hakushuka. Akafuata mkono uliokuwa na kelele nyingi zaidi.

Nguzo ikapotea kwenye kioo. Mwanamke mmoja akapiga yowe. Lavonne akakanyaga breki, na ndani ya trela sahani zote zikateremka kabatini kwa pamoja.

Doyle akainama kuangalia, akatangaza kwa sauti yake ile: "Hajagonga! Bado kidole kimoja, lakini hajagonga!"

Lavonne akasogea mbele tena. Sasa trela ilikuwa imekaa upande upande, imeziba njia nzima. Nyuma kulikuwa na trela tatu zinazopiga honi, na nyuma ya hizo trela lilikuwa limefika gari la kunyonya maji machafu, ambalo kabla ya kuja hapa lilikuwa limeshapita kambi mbili. Joto lilikuwa limelifanyia kazi. Watu walianza kuziba pua na kumwangalia Lavonne kwa macho ya kusihi.

"Lavonne, mpenzi wangu," Marcy aliita, "sikukimbizi, ila nakufa!"

Trent, aliyekuja kuona mapatano yanaishia wapi, akatokea dirishani. Alikuwa kijana mwema, si mtu mbaya hata kidogo, na alikuwa ameshapima trela kitanda kwa kitanda kujua wanawe watalala wapi.

"Anti, mateso yote haya ya nini? Nipishe hapo, dakika mbili tu nakuwekea. Hakuna atakayekucheka."

"Tulikubaliana niingize mwenyewe, Trent."

"Najua mlikubaliana. Lakini angalia." Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kitasa cha mlango. "Hata anko hawezi kutazama. Unamwona? Kageukia mtoni."

Lavonne aliangalia. Kwenye mstari wa mbele, kila uso wa kambi ulikuwa umemkodolea macho yeye, isipokuwa mmoja. Verlin alikuwa ameketi na vibao mapajani, shingo imekakamaa, uso wake ameuelekeza mtoni kabisa, kama mtu aliyesusa.

Lavonne akaanza kucheka. Alicheka mpaka bega likagonga kioo. Watu wote wale walikuwa wanatazama nguzo, wanatazama magurudumu, wanatazama vibao. Mtu mmoja tu pale alikuwa anamtazama yeye, na wala hakuwa anajificha.

"Trent," alisema, "toa mkono kwenye mlango wangu."

"Anti..."

"Utoe, mwanangu, nataka kushuka."

Akafungua mlango, akaruka chini kwenye kokoto.

"Kashuka!" Doyle akanguruma. "Mbili! Kata mbili, anabaki na nane!"

"Kata!" Lavonne alimjibu, mikono kiunoni. "Kata zote, Doyle, na ukizimaliza uanze kukata za mwakani! Nanyi mliosimama, kaeni. Wote. Mikono mapajani. Atakayepunga mkono tena nitajua ananiaga, na nitampitia!"

Walikaa. Bwana wa kumi na tatu alikaa juu ya zulia lake. Lavonne akaenda nyuma ya pikapu, akatoa ndoo ya plastiki yenye ufa, ndoo pekee iliyotoka hai kwenye mnada wa ng'ombe. Akatembea mpaka kiwanjani, akaizunguka nguzo, akaipima kwa hatua zake, akaiweka ndoo pale alipotaka kona ya trela ifike.

"Ndoo ya nini?" mtu aliuliza.

"Ya kuwekea maksi zenu," Lavonne alisema, akarudi garini.

Akashika usukani kwa chini. Taratibu. Kokoto zikawa zinasaga. Mkia wa trela ukaanza kupinda kuelekea mtoni, vizuri, vizuri, halafu nguzo ikaanza kutoweka kwenye kioo, akasimama. Akashuka. Akaenda akaangalia.

"Sita!" watoto wakaimba.

Akarudi, akasogea mbele kidogo, akanyoosha, akarudi tena nyuma. Sasa ilikuwa pua ya pikapu ya bwana wa kumi na tatu. Bampa la Lavonne lilikuwa linaikaribia kwa mbele huku mkia unaingia kwa nyuma. Akashuka, akainama, akatazama katikati.

"Nne!"

Akapanda. Akashuka.

"Mbili!"

Akapanda, akasogeza, akashuka. Sketi ilikuwa imeshika jasho, magoti yanalia, na alikuwa hajawahi kujisikia vizuri namna ile tangu awe bibi harusi.

"Sifuriii!" watoto wakapiga kelele, na mmoja wao, msichana mwenye nguo ya kuogelea, akamgeukia Doyle. "Babu, akishuka tena inakuwaje? Inaenda chini ya sifuri?"

Doyle akakuna kidevu. "Sijui. Haijawahi kutokea." Akamwinamia Verlin. "Jaji mkuu, sheria inasemaje?"

Verlin hakugeuza uso kutoka mtoni. "Endeleeni kuhesabu," alisema.

"Hasi mbili!" watoto wakaruka juu. "Hasi nne!"

Na hapo jambo likabadilika, Lavonne alilisikia akiwa ndani ya gari. Wakati wa sita, wa nne, wa mbili, walikuwa wanamcheka. Sasa kila akishuka walikuwa wanashangilia. Bibi wa kiti cha magurudumu alikuwa anapiga feni yake kwenye chuma. Marcy alikuwa amesimama juu ya kiti cha kigari chake, redio inamwita na haitikii. Hata madereva wa foleni walikuwa wameacha honi, wameshuka, wamekuja kusimama nyuma ya viti, na dereva wa gari la kunyonya alikuwa katikati yao, na hakuna aliyemfukuza.

"Hasi kumi!"

Mara ya mwisho aliporudi hakuangalia watu. Aliangalia ndoo kwenye kioo cha kushoto na mwaloni kwenye kioo cha kulia, akaiacha mikono ifanye ilichozoea. Gurudumu likatoka kwenye kokoto, likapanda juu ya zege ya kiwanja. Alilisikia kwa makalio. La pili likapanda. Kona ya trela ikaifikia ndoo, ikaibusu, ndoo ikayumba, ikasimama.

Lavonne akazima injini.

Alishuka kwa mara ya mwisho, akatembea ubavu mzima wa trela, akaenda nyuma. Nguzo ilikuwa imesimama ilivyo, imeinama kwa kosa la zamani tu. Trela ilikuwa imenyooka. Dirisha la jikoni lilikuwa linaangalia maji.

"Iko ndani!" alipiga kelele, sauti ikakatika katikati. "Verlin! Iko ndani!"

Kambi ikalipuka. Watu walirusha kofia, watu walirusha barafu, mbwa wa bwana wa kumi na tatu walibweka mpaka wakakohoa, na bwana mwenyewe alimkumbatia Marcy, ambaye alimkumbatia pia halafu akakumbuka ni nani akamsukuma. Foleni ikapita. Gari la kunyonya nalo likapita polepole, dereva wake akipunga mkono dirishani kama mwanasiasa, na watu wakampigia makofi kwa mkono mmoja, wa pili umeshika pua. Umeme ukarudi, viyoyozi vyote vikaanza kuvuma kwa mpigo, na umeme ukakatika tena.

"Kimoja kimoja!" Marcy alilia, na kigari chake kikatoweka kwenye vumbi. "Nimesema kimoja kimoja!"

Doyle alikuwa amechukua vibao kutoka mapajani kwa Verlin. Alivigeuza geuza, uso mzito. "Bibie, moyo wangu unasema kumi. Lakini sheria ni sheria." Akanyanyua sifuri, kwa aibu, usawa wa kifua.

"Kanipa ngapi?" Verlin aliuliza akiinuka. "Namaanisha, kakupa ngapi?"

"Sifuri," Lavonne alisema. "Na ananidai."

Verlin akaifikia trela, akaweka kiganja kwenye ubavu wake wa bati, akaenda nao taratibu mpaka mwisho. Akanyoosha mikono, akaitafuta nguzo, akaishika ile sehemu iliyoinama aliyoiinamisha yeye. Kati ya nguzo na trela akapitisha kiganja. Kikapita. Akapitisha ngumi, nayo ikapita. Akasimama hapo kitambo, anapitisha ngumi na kuirudisha, kama mtoto aliyepata tundu kwenye ua. Kisha mguu wake ukagonga ndoo.

Akainama akaipapasa mpaka akafika kwenye ufa.

"Hii ndoo ni ya kwetu," alisema. "Nimeitafuta tangu Mei. Hii na wenzake."

Lavonne akaanza kukung'uta vumbi kwenye sketi.

"Kwaya," Verlin alisema. "Kwaya gani hiyo inayokula ndoo?"

"Ulijua?"

"Macho ndiyo mabovu, Lavonne, pua ni nzima. Kila Alhamisi unarudi kutoka kanisani unanuka mavi ya ng'ombe."

"Na hukusema neno!"

"Ningesema, ningetaka kuja kukufundisha. Ningesimama nyuma napunga mikono kama hawa wajinga. Tungekuwa tumeshaachana Juni." Akamkabidhi ndoo. Lavonne akaupokea mkono wake pamoja na ndoo. "Mimi nisingeweza kuiweka hivi. Hata nilipokuwa na macho yote, nisingeweza. Doyle!"

"Naam!"

"Ile sheria ya kushuka, ifute."

"Ya miaka yote hii? Jaji..."

"Ifute. Niliitunga kwa sababu nilikuwa naogopa kushuka."

Wanaume wa mstari wa mbele wakaangalia viatu vyao. Doyle akatafuta kwenye rundo la vibao, akapata kumi, akaichomeka kwenye tawi la mwaloni juu ya mlango wa trela, na pale ilikaa wikiendi nzima. Mtu akaanza kuwasha moto wa mbavu. Mtu mwingine akaleta saladi ya viazi na pai ya mapichi iliyookwa katika joto lile, kwa hiyo ikajulikana nani alikuwa anawasha oveni.

Trent alikuwa bado amesimama njiani, mikono mifukoni. Alingoja mpaka kelele zipungue, akasogea.

"Hongera, anti. Kweli kabisa." Akakohoa. "Kwa hiyo, anko, Jumapili... nisije tena?"

"Jumapili lazima uje," Verlin alisema. "Tunatoka saa tano. Na kutoka hapa ni kugumu kuliko kuingia. Uje mapema, na uje na kiti chako."

Alisema hivyo akiwa ameuelekeza uso mtoni. Lavonne, aliyesimama kando na ndoo yake mkononi, akajikuta anaziweka nywele zake sawa.